Mguu Kwenye Hogo, Akili Zebes

Bodaboda iliyonigonga haikusimama, na namba yake sikuiwahi. Ninachokumbuka ni ngazi yangu ya alumini ikiserereka lamini mpaka mtaroni, na mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini. Ule ulikuwa mguu wangu. Hospitali wakanifunga hogo kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, wakaniambia wiki sita bila kukanyaga.

Mimi ni fundi umeme. Fundi umeme asiyepanda ngazi ni mzigo wa nyumba tu, kwa hiyo nikahamia kwa mama, Tanga. Nikapewa chumba cha mbele, dirishani, mto chini ya kisigino. Siku tatu za mwanzo nililala. Ya nne nikaanza kuhesabu mbao za dari.

Bahati yangu ulikuwa mwezi wa saba. Dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa Muscat, alikuja likizo na mwanawe wa miaka kumi na mitatu, na mtoto akaja na Nintendo Switch yake ndani ya kimfuko kigumu kama cha miwani. Alinichungulia mlangoni siku nzima ndipo akaingia.

"Mjomba, wewe unacheza gemu?"

"Zamani."

"Gemu gani?"

"Mpira."

Akanitazama kwa huruma ile ile aliyonitazama nayo alipoliona hogo.

Lakini nilikuwa nasema kweli. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya gemu tulijua mpira, ngumi na magari. Kibandani unalipa kwa mechi au kwa dakika, nyuma yako wamesimama wanne wanakudai pedi, na sheria ni moja: mshindi anabaki. Nani angekubali umlipie mwenye kibanda halafu uzunguke ndani ya pango ukitafuta mlango? Nakumbuka siku moja kijana mmoja mgeni mtaani aliomba awekewe gemu la kutembea-tembea. Baada ya dakika tano tu alikuwa amezomewa mpaka akarudisha pedi mwenyewe. Kuzurura kulikuwa ni kuunguza hela. Kwa hiyo nimefika umri huu nikiwa sijawahi kucheza gemu ambalo kazi yake ni kutafuta njia.

Mpwa wangu akanifungulia Super Metroid. Akanieleza kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza, kwamba lilitoka Japani mwezi wa tatu mwaka 1994. Mwaka ule yeye alikuwa bado hata kufikiriwa. Lilitengenezwa na Nintendo kwa ajili ya mashine yao ya Super Famicom, chini ya uongozi wa Yoshio Sakamoto, na lote kwa jumla, mapango, muziki, majitu na mvua, linaingia kwenye megabaiti 3. Nikachukua simu yangu nikaangalia ukubwa wa picha niliyompiga mama jana yake akikuna nazi. Picha ilikuwa kubwa kuliko gemu.

"Nitakuonyesha vitufe," akasema, "lakini njia sikuonyeshi."

"Kwa nini?"

"Utaniharibia."

Nilidhani kakosea kusema. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa na maana hiyo hiyo. Yeye gemu alikuwa amelimaliza zamani. Kilichobaki kwake ni kumtazama mtu mwingine akilicheza bila kujua kitu, na ladha hiyo hupatikana mara moja tu kwa kila mtu.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mhusika ni Samus Aran, mwindaji wa anga mwenye suti ya chuma na mzinga badala ya mkono wa kulia. Kuna kidudu kinachoelea kama yavuyavu, kinaitwa Metroid, kinachofyonza uhai wa kila kinachokigusa. Samus alishawamaliza wote isipokuwa kitoto kimoja kilichotoka yaini mbele yake kikamfuata kikidhani ndiye mama. Alikipeleka kwa wanasayansi. Gemu linapoanza, wanasayansi wamekufa na joka linaloitwa Ridley limebeba chupa yenye kile kitoto. Unapigana nalo kidogo, linakushinda, unapewa sekunde 60 utoke kabla kituo hakijalipuka. Baada ya hapo unatua kwenye sayari ya Zebes, usiku, mvua inanyesha, na gemu linanyamaza kabisa.

Sio utani. Hakuna mshale, hakuna mzee wa kukuagiza, hakuna maandishi ya "nenda kule". Ni mvua, radi, na wewe. Nilisimama pale kama dakika nzima nikingoja kuambiwa.

"Mjomba, gemu lako limekwama?"

"Nangoja maelekezo."

Akacheka mpaka bibi yake akaja kuangalia kuna nini. "Mume wangu, unamcheka mgonjwa?" Mama humwita hivyo mjukuu wake tangu azaliwe, na mtoto wa Muscat mpaka leo huona haya.

Nilikwenda kushoto kwa sababu kulia paliniziba. Nikashuka, nikashuka tena, nikapita chumba chenye tangi la kioo lililopasuka, kikiwa kitupu, kimya, kimejaa vumbi. Nikapita tu. Mpwa wangu alikuwa ameacha kutafuna karanga. Akaniuliza kama chumba kile hakijanikumbusha kitu. Kinikumbushe nini? Ndipo akanieleza kwamba gemu la kwanza la Metroid, la mwaka 1986, lilimalizikia ndani ya chumba hicho. Waliolicheza walimpiga adui mkubwa humo humo, na miaka minane baadaye wakarudishwa kwenye magofu waliyoyafanya kwa mikono yao. Wao walipofika hapo walisisimka. Mimi niliona vioo vilivyovunjika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia kutazama kitu kwa macho mapya, kumbuka na hasara yake: macho mapya hayana kumbukumbu, na kuna vyumba ambavyo bila kumbukumbu ni vumbi tu.

Chini zaidi nikaokota kifaa kinachomfanya Samus ajikunje awe mpira na kupenya kwenye vijinjia vya chini. Nilipokigusa tu, taa zikawaka zikanimulika. Niliporudi juu nikakuta maadui kwenye vyumba nilivyovipita vikiwa vitupu. Sayari ilikuwa imeniona. Hakuna aliyeniandikia "hatari", lakini shingo ilinisisimka, na mwenyewe nilikuwa nimelala kitandani Tanga saa nne asubuhi, nje muuza samaki anapiga kelele.

Nikaanza kulielewa. Milango ina rangi: ya buluu hufunguka kwa risasi yoyote, ya waridi inataka makombora matano, ya kijani inataka kombora kubwa, ya manjano bomu zito. Unaona mlango wa manjano siku ya kwanza, unauacha, na siku ya tatu ukiwa na bomu lako unakumbuka, hivi, si kuna mlango nilipita? Ramani ipo, lakini inakuonyesha vyumba, haikukumbushi ulichokosa ndani yake. Nikaomba daftari. Nikapewa la hesabu za duka la mama, nusu lilikuwa na madeni ya watu. Basi upande mmoja unasoma "mama fulani, sukari kilo mbili", wa pili "Brinstar chini, ukuta una ufa, rudi", Brinstar likiwa ni eneo mojawapo la Zebes.

Siku ya pili nikafika kwenye daraja.

Ni korido ndefu yenye matofali yanayoporomoka ukiyakanyaga. Nikitembea naanguka, nikiruka naanguka. Nikajaribu kujikunja mpira, nikaanguka nikiwa mpira. Nikahitimisha kwamba kuna kifaa sijakipata, viatu vya aina fulani labda, nikageuza nikarudi nyuma. Nilizunguka Brinstar nzima kutwa nzima. Nilipiga kila ukuta. Niliandika kurasa mbili kwenye daftari la madeni. Mpwa wangu akaja, akaangalia, akaondoka; akaja tena na ndizi, akaangalia, akaondoka. Magharibi hivi nikamwambia:

"Nakosa kifaa, siyo?"

Akafikiri sana, nadhani alikuwa anapima kama jibu lake litakuwa ni kuniibia. "Mjomba, kifaa unacho."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotua."

Nikachukua pedi nikaanza kubonyeza kitufe kimoja kimoja, kama ninavyofanya nikikuta bodi ya swichi isiyoandikwa. Nilipofika B nikakishikilia huku naenda mbele. Samus akakimbia. Alikuwa anaweza kukimbia muda wote! Siku mbili nilimtembeza kama harusi, na yeye miguu anayo. Nikapita daraja kwa sekunde mbili.

Mpwa akaniambia pale ni mahali maarufu, hata wachezaji wa Kiingereza wamelibatiza daraja lile jina la kuwacheka wageni. Hilo halikunifariji. Ila usiku, hogo linawasha ndani mahali ambapo mkono haufiki, nililifikiria tena lile daraja. Kukwama kuna aina mbili. Kuna kukwama kwa sababu huna kitu, na hapo busara ni kugeuza uende ukakitafute. Na kuna kukwama kwa sababu hujatazama, na hapo kugeuza ndiyo kupotea kwenyewe. Tabu ni kwamba ukiwa umesimama mbele ya daraja, zote mbili zina sura moja.

Katika kazi yangu jambo hili lilishaniumbua, nikalisahau. Miaka kadhaa nyuma niliitwa nyumba moja ya wageni, taa zinafifia zikiwashwa feni, halafu vyumba vingine zinawaka kali mpaka zinaungua. Nikabadilisha breka. Nikalaumu meni swichi, nikasema inatakiwa mpya, nikamtuma mwenye nyumba dukani akaingia gharama. Siku ya pili, nikiwa juu ya ngazi nakaza hiyo mpya, kichwa changu kikagusa boksi la maungio darini, na taa zote zikapepesa. Waya wa nyutro ulikuwa umelegea mle. Nilikuwa nimeweka ngazi chini ya boksi lile siku mbili mfululizo. Hela ya meni swichi sikuidai, na sikumweleza kwa nini.

Basi nikaanza kucheza taratibu. Kila nikikwama nikajiwekea utaratibu: kabla sijaondoka chumbani, napiga dari, napiga sakafu, najikunja, nasimama tu natazama. Unagundua mengi ukisimama. Kuna wanyama watatu wadogo wa kijani, wanafanana na tumbili, wanaishi chini ya shimo moja refu huko Brinstar. Hawakushambulii. Wanapiga kiwimbo kidogo, halafu wanaruka ukuta huu, wanajisukuma kwenda ule, wanarudi huu, mpaka juu. Kisha wanashuka wanaanza tena. Mimi nilikuwa chini, nimeshindwa kutoka. Niliwafyatulia risasi kwanza, Mungu anisamehe, ni mazoea ya vibandani. Hazikuwadhuru. Wakaendelea kuruka.

Wanafundisha. Hilo ndilo somo zima, hakuna neno hata moja. Unaruka ukiwa unajizungusha, unagusa ukuta, unaelekeza pedi upande wa pili kwanza, na ndani ya kufumba na kufumbua unabonyeza kuruka. Ukibonyeza vyote pamoja unaanguka. Nilianguka saa nzima na zaidi. Kidole gumba kikapata lengelenge. Wale wadogo hawakuchoka, hawakunicheka, walikuwa wanaonyesha tu, tena na tena, kwa mwendo ule ule. Nimewahi kuwa na wanafunzi wa ufundi wawili na nakiri sikuwaonyesha kitu chochote zaidi ya mara tatu bila kupandisha sauti.

Kuna na ndege mmoja mkubwa kama mbuni. Anakimbia kwa kasi, anachuchumaa ghafla, halafu anafyatuka kwenda juu kama roketi. Nilimtazama mara tatu ndipo nikang'amua kwamba na mimi, kwa vile viatu vya kasi vinavyopatikana kwenye mapango ya moto ya Norfair, naweza kufanya hivyo hivyo. Na kukimbia huko ndiko kule kule kwa kitufe cha B. Niliona aibu upya.

Yapo mambo sitayaeleza sana. Norfair ni joto, bila suti ya kufaa uhai unapukutika kama mshahara. Kraid ni jitu linalojaza kioo na kukipita. Meli iliyoanguka ina mzuka ndani yake, na umeme haurudi mpaka uushinde. Sehemu hiyo niliifurahia kikazi. Na Ridley yule joka, sikumshinda kihalali. Kwenye Switch ukibonyeza vitufe viwili vya nyuma kwa pamoja unaweza kurudisha muda kidogo ukarekebisha makosa. Nilirudisha mara saba. Mpwa wangu aliona, akageuza uso akatazama dirishani kwa adabu.

Lakini kioo lazima nikieleze.

Kati ya Brinstar na njia ya kwenda kwa Kraid kuna korido ambayo ni bomba la kioo. Nje ya kioo ni maji. Unaona mchanga, unaona viumbe vinaogelea, na muziki wa mahali pale unakufanya ujisikie uko chini ya bahari kweli. Ni lazima upite hapo, kwenda na kurudi, mara kwa mara. Mara ya kwanza nilisimama nikatazama. Mara ya pili nikapunguza mwendo. Kuanzia ya tatu likawa ni barabara.

Nilipotoka kwenye ile meli nilikuwa na suti inayokuruhusu kutembea majini kama nchi kavu. Nikajua sasa natakiwa kuingia majini. Sanamu za wakubwa wanne unaotakiwa kuwashinda zinaonyesha wazi kwamba yuko mmoja wa majini. Maji yako wapi? Yako nje ya kioo, nayaona kila siku. Mlango wa kuyaendea uko wapi? Siku mbili, ndugu zangu. Nilitumia utaratibu wangu wote kwenye vyumba vyote, nikalipua sakafu za Crateria, lile eneo la juu nilikotua, nikarudi Norfair nikalipua za huko. Na kila safari nilipita ndani ya lile bomba mbio, kwa sababu sasa nilikuwa najua kukimbia.

Siku ya tatu mama alikuwa amekaa mkekani chumbani kwangu na ungo wa mchele, anachambua mawe. Alikuwa na kawaida ya kukaa pale, nadhani ili nisijione peke yangu, na mara moja moja alitupa jicho kwenye skrini.

"Hao ni samaki?"

"Ni wadudu wa majini, mama."

"Na wewe unataka kwenda huko waliko?"

"Nataka, sipaoni pa kupitia."

Akatoa jiwe, akalitupa dirishani. "Si hicho kioo tu. Huwezi kukivunja?"

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba gemu haliko hivyo, kwamba ule ni ukuta, ni mapambo, haviguswi. Halafu nikajisikia ninavyotaka kusema, nikanyamaza. Mpwa wangu, aliyekuwa amelala chali sakafuni, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nikasimama katikati ya bomba. Nikajikunja mpira nikatega lile bomu zito. Mwanga ukajaa kioo chote, ukapungua. Kimya. Nikadhani nimekosea. Kisha ukatokea ufa. Ufa mwingine. Na bomba zima nililopita mara ishirini likasambaratika, maji yakaingia, na Maridia, lile eneo la majini, ikafunguka juu yangu na pande zote.

Mtoto alipiga ukelele mpaka majirani wakasikia. Mama akaendelea na mchele. "Mnakuza mambo," akasema.

Nimelifikiria sana jambo lile. Mimi nilikuwa na macho mapya kwa gemu, sikuwahi kulicheza, sikujua lolote. Lakini siku tisa tu zilitosha kuyazeesha. Nilikuwa nimeshajijengea sheria za nini kinavunjika na nini hakivunjiki, na hakuna aliyenipa sheria hizo. Mama hakuwa na sheria. Aliona mtu ndani ya kioo anayetaka kutoka.

Nililimaliza gemu usiku wa kuamkia Ijumaa, siku mbili kabla dada hajarudi Muscat. Intaneti ilitutoa jasho jioni ile, kwa sababu mashine inataka kuunganishwa angalau mara moja kila siku saba ndipo ikuruhusu kucheza magemu haya ya zamani, na bando langu lilikuwa limekata. Tukatuma mtoto wa jirani vocha.

Sitasema kila kitu kuhusu mwisho, ingawa gemu lina miaka zaidi ya thelathini. Niseme tu kwamba kile kitoto kilichoibiwa unakikuta, kimekuwa kikubwa kama nyumba, na kwanza hakikutambui. Kinakurukia, kinakufyonza mpaka unabaki na pumzi moja. Halafu kinasita. Kinakuachia, kinalia, kinaondoka. Mama alikuwa ameweka tasbihi pembeni. "Kimemjua," akasema. Na baadaye kidogo, mbele ya adui mkubwa wa mwisho, kitoto kile kinarudi kufanya ambalo watoto hawatakiwi kuwafanyia wazazi wao, na mama akatoka chumbani bila kuaga, akasema anakwenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa limezimwa tangu saa mbili.

Unapewa dakika tatu za kutoka kabla sayari haijalipuka. Nilikimbia, B imeshikiliwa mpaka kidole kinauma, nikapanda shimo refu kwa kuruka ukuta hadi ukuta kama nilivyofundishwa, nikafika kwenye chombo zikiwa zimebaki sekunde arobaini na kitu. Zebes ikapasuka. Nikapiga kelele, nikamgeukia mpwa wangu nipewe mkono.

Hakunipa.

"Umewaona?" akauliza.

"Akina nani?"

"Wale waliokufundisha kuruka."

Gemu likahesabu: asilimia 61 ya vitu, na kwa kuwa nilitumia saa kumi na tatu na ushee, Samus hakunivulia hata kofia. Sikuyajali. Nilikuwa nimewaza sekunde arobaini zilizobaki, nikajua nilikuwa nazo, na kwamba nimekimbia nikawapita.

"Walikuwa wapi?"

Mara hii alinionyesha. Ni chumba cha mwanzoni kabisa, kile ambacho ukichukua mabomu sanamu inaamka ikakushambulia. Njiani unapotoroka, ukikata kona badala ya kunyoosha, mlango wake uko wazi.

Nilikuwa nimesevu mlangoni kwa yule adui wa mwisho, kwa hiyo tuliweza kurudia kutoka hapo. Saa nane za usiku, taa imezimwa tusimwamshe mama, sauti tumeipunguza hadi mwisho. Nilipigwa mara mbili nikafa. Mara ya tatu nikamshinda, saa ikaanza kurudi nyuma kutoka dakika tatu, nikapanda, nikakata kona. Walikuwa mle: wale watatu wanarukaruka hovyo, na mbuni anakimbia huku na huku hana pa kutokea. Nikaupiga ukuta ukafunguka. Wakatoka kwa foleni, mbuni mwisho. Sikumbuki nilifikaje kwenye chombo.

Sayari ilipolipuka mpwa wangu alisogeza uso karibu na kioo, akaweka ncha ya kidole kwenye weusi wa anga, mahali ambapo kidoa kimoja cha mwanga, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kinatoka kasi kwenda zake.

"Wale pale," akanong'ona.